Uboho hauongezi damu, na mengine ya bakuli la supu

Asubuhi kwenye vibanda vya supu Dar es Salaam hukosi kumwona mtu ameshika mfupa, anaugonga ukingoni mwa sahani mpaka uboho uteleze. Akishaufyonza, jirani yake husema: "Hapo umeongeza damu!"

Wapi. Damu hutengenezwa kwenye uboho mwekundu, ambao kwa ng'ombe mzima hubaki zaidi mbavuni, kidarini na kwenye pingili za mgongo. Mfupa wa mguu anaokupasulia mwenye bucha umejaa uboho wa manjano, na huo sehemu kubwa ni mafuta. Ndiyo maana ng'ombe aliyekondeshwa na ukame uboho wake huwa majimaji: mafuta yale ndiyo akiba yake ya mwisho, naye ameshayala. Hata ungekuwa mwekundu, tumbo lingeusaga tu kama chakula kingine. Anayetafuta madini ya chuma aagize maini.

Dhana nyingine humfuata kila aliyefungwa plasta: anywe supu ya mifupa, mfupa uunge. Kalsiamu haitoki mfupani kirahisi, hata uchemshe kutwa. Kikombe cha maziwa kina karibu miligramu 300. Cha supu ya mifupa kwa kawaida hakifiki hata 50. Dagaa waliotafunwa na miiba yao wanaishinda supu hiyo mbali.

Kongoro nayo ikilala sufuriani huganda, ukiitikisa inatetemeka. Wengi husema ni uboho umeganda, eti unakwenda kulainisha magoti. Ile ni gelatini, imetoka kwenye ngozi na kano. Ukiila humeng'enywa kama protini nyingine. Haina njia yake ya mkato kwenda gotini. Mafuta ni ule utando mweupe wa juu.

Povu la mwanzo si uchafu, ni protini iliyoganda kwa joto. Mimi naliengua supu ipendeze tu.

Kosa kubwa jikoni ni kudhani uboho unahitaji moto wa usiku kucha. Kongoro ndiyo inayotaka saa nyingi. Uboho huiva upesi, ukizidishiwa moto unayeyuka na kutoka. Mifupa ya uboho itie mwishoni, kongoro ikikaribia kulainika. Na siku ukipewa mfupa mtupu, usimwite muuza supu mwizi kabla hujatazama bakuli: yale matone ya mafuta yanayoelea juu ndiyo uboho wako.