Faundesheni na chunusi: yanayosemwa mtaani na yanayotokea kwenye ngozi

Wengi wanaokuja kupambwa kwangu hapa Kansanga, Kampala, huanza kwa kuomba radhi. Binti hajakaa hata kwenye kiti, ameshainamisha kichwa: "Dada, samahani kwa huu uso." Huwa naumia kila ninapolisikia neno hilo, kwa sababu chunusi si uchafu wala si kosa la mtu. Wateja wangu ni watu wa Kiswahili wa kila aina: wanafunzi kutoka Kenya, akina mama wa Kikongo wa Nsambya na Katwe, mabinti wa Kinubi wanaopanda kutoka Bombo msimu wa harusi. Makabila ni tofauti, lakini waliyoambiwa kuhusu faundesheni ni yale yale, na mengi yamewaharibia ngozi kuliko faundesheni yenyewe.

"Mwenye chunusi asiguse faundesheni"

Chunusi haianzii kwenye chupa. Huanzia ndani ya kitundu cha ngozi. Homoni huchochea tezi itoe mafuta mengi, seli zilizokufa zinanatana badala ya kudondoka, kitundu kinaziba, kisha bakteria ambao huishi humo siku zote wanaongezeka na mwili unaanza kupambana nao. Ndiyo maana kidevu huweza kuchachamaa siku chache kabla ya hedhi hata kwa msichana ambaye hajawahi kununua poda.

Ni kweli kwamba zipo chunusi zinazoletwa na vipodozi. Madaktari wa Marekani Albert Kligman na Otto Mills walizieleza mwaka 1972: vijipele vidogo vidogo visivyo na kichwa, mashavuni na kidevuni, kwa wanawake ambao balehe wameshaipita zamani. Lakini hizo huletwa na bidhaa zinazoziba, si na kila kinachopakwa usoni. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wanawake wenye chunusi waliofundishwa kujipamba huku wakiendelea na matibabu yao. Chunusi hazikuzidi, na maisha yao ya kila siku yakawa mepesi zaidi. Mimi naliona hilo kwenye kioo changu kila wiki: mtu anaingia ameinama, anatoka akitazama watu machoni.

Kinachotupoteza ni muda. Kitundu kilichoanza kuziba leo kinaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi miwili, kabla kipele hakijachomoza. Sasa msichana ananunua faundesheni Ijumaa, Jumatatu anaamka na vipele vitatu, anaitupa chupa na kuwatangazia wenzake wote kuwa ni sumu. Vipele vile vilikuwa vinajiandaa tangu mwezi uliopita, wakati akitumia kitu kingine kabisa ambacho bado kiko kabatini na bado anakiamini. Nimeshuhudia mtu akibadilisha faundesheni nne kwa mwaka mmoja huku mkosaji akiwa mafuta ya nywele.

Kinachotokea usiku mmoja, yaani ngozi kuwasha, kuchoma au kuvimba, mara nyingi ni mzio au mwasho, na hapo kweli bidhaa iachwe mara moja. Ukitaka kumjua mkosaji, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Paka kidogo chini ya taya kwa wiki moja uone kama kunawasha. Pakitulia, itumie usoni wiki sita hivi kabla ya kuihukumu kwa habari ya chunusi. Sabuni mpya, losheni mpya na faundesheni mpya zikianza wiki moja, hutajua kamwe nani kafanya nini.

"Ikiandikwa kwamba haizibi vitundu, basi ni salama"

Maandishi "non-comedogenic" kwenye chupa ni ahadi ya kampuni: kwamba bidhaa imekusudiwa isizibe vitundu. Hata Marekani, ambako mamlaka ya chakula na dawa ina macho makali, hakuna kipimo cha kisheria ambacho kampuni lazima ikipite kabla ya kuyaandika maneno hayo. Kwa miaka mingi viungo vilipimwa ndani ya sikio la sungura, na sikio la sungura huziba upesi kuliko uso wa binadamu. Tena kiungo kikipimwa peke yake hakifanyi vile kinavyofanya kikiwa kidogo ndani ya mchanganyiko. Kwa hiyo zile orodha za "viungo vibaya" zinazosambazwa kwenye simu zisikutie hofu ya kila jina refu.

Bado mimi hutafuta maneno hayo kwanza, kwani kampuni iliyoyaandika angalau imelifikiria tatizo. Kisha nageuza chupa. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Nikiona isopropyl myristate, siagi ya kakao au mafuta ya nazi miongoni mwa vile vya mwanzo, namrudishia muuzaji. Na tusichanganye: "haina mafuta" ni ahadi nyingine. Hiyo isopropyl myristate niliyoitaja si mafuta kwa maana ya kawaida, hivyo inaweza kukaa vizuri tu kwenye bidhaa iliyoandikwa kuwa haina mafuta.

Silikoni nayo husingiziwa sana. Dimethikoni, ile inayoifanya faundesheni iteleze, haina sifa ya kuziba vitundu. Ikoshwe jioni, basi.

"Cha asili hakidhuru"

Najua naingia pagumu hapa. Kule Acholi na Lango, kaskazini mwa Uganda, siagi ya shea, moo yaa, ni urithi. Mti wake ni wa aina ya ukanda wetu wa Nile, na siagi yake ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Naipenda kwa viwiko, kwa visigino, kwa midomo iliyokauka. Lakini kuipaka safu nene kwenye uso wenye chunusi, kisha faundesheni juu yake, kisha kupanda boda boda katika joto na vumbi la Kampala, ni kuulemea uso. Mafuta ya nazi ndiyo huwa na lawama zaidi. Ngozi haijui kama kitu kimetoka kiwandani au shambani.

Yatazame pia mafuta ya nywele. Kama chunusi zako zimejipanga kwenye paji la uso na kandokando ya nywele, anza hapo kabla ya kuilaumu faundesheni. Madaktari wa ngozi waliieleza chunusi ya pomadi tangu mwaka 1970. Mtu amesuka, anapaka mafuta mazito kwenye mistari asubuhi, jua linayayeyusha, yanateremka. Paka kwenye ncha na katikati ya kichwa, acha nafasi ya kidole kimoja kutoka kwenye paji.

"Chukua iliyo nyeupe kidogo, ung'ae"

Ushauri huu umetoka kwa mashangazi, kwa wauzaji, hata kwa wapambaji wenzangu, na unaniudhi kuliko mwingine wowote.

Kwanza haufanyi kazi. Rangi nyeupe ndani ya faundesheni nyingi hutokana na titani dioksidi. Ukiipaka juu ya ngozi ya kahawia iliyoiva, uso unakuwa wa majivu, na kwenye picha za kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba, bibi harusi anaonekana kama amevaa uso wa mtu mwingine juu ya gauni la gomesi. Rangi ijaribiwe kwenye taya, si kwenye kiganja wala nyuma ya mkono. Toka nje mlangoni uitazame kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa za dukani hudanganya. Subiri kama dakika kumi na tano, maana nyingine hubadilika na kukolea zikikutana na mafuta ya ngozi. Ile inayopotea kati ya shavu na shingo ndiyo yako. Isipokuwepo, changanya mbili. Wasichana weusi wamekuwa wakichanganya miaka yote, na si aibu.

Pili, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, tamaa ya weupe haiishii kwenye faundesheni. Anayetaka uso ufanane na faundesheni nyepesi ataufuata mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado nakutana na athari zake kwenye kiti changu. Steroidi huanza kwa kumfurahisha mtu: chunusi zinalala, uso unateleza. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na vipele vya ukubwa mmoja vinajaa uso mzima. Akiacha ghafla, vinalipuka zaidi, naye anarudi kwenye kopo.

Mwanafunzi mmoja alinijia mwaka wa kwanza wa chuo akiamini faundesheni yake imemkataa. Nikamwuliza anapaka nini kabla yake. "Ni krimu tu ya kawaida, dada, ya kusafisha." Kopo halikuwa na orodha ya viungo wala jina la mtengenezaji. Nilikataa kumpamba siku ile, nikamwomba aende kliniki ya ngozi, kwani kuiacha steroidi kunataka mtu wa kukuongoza. Kama kuna krimu inayoondoa chunusi kwa siku tatu na kukupa weupe juu yake, usiipake.

"Kijani huficha chunusi"

Konsila ya kijani, yaani kifunika madoa, hufunika wekundu, na wekundu huonekana kwenye ngozi nyeupe. Kwetu chunusi ikipona huacha doa la kahawia au jeusi. Doa hilo hufunikwa na rangi ya chungwa: kidogo sana, juu ya doa tu, kisha faundesheni. Video nyingi tunazozitazama zilitengenezwa kwa ngozi nyingine.

Hapo hapo niseme kuhusu unene. Safu nne za faundesheni hazifichi uvimbe, huuonyesha, kwa sababu faundesheni hubadilisha rangi ya ngozi lakini haibadilishi umbo lake. Paka safu moja nyepesi uso mzima, kisha konsila kwenye madoa yenyewe, ukigongagonga na si kusugua.

"Uso wenye mafuta usipakwe losheni, tena usuguliwe sana"

Kusugua kwa dodoki, lile Waganda waliloliita ekyangwe, na sabuni ya kufulia hakuondoi chunusi. Huchubua ngozi, na ngozi iliyochubuka huacha madoa zaidi. Nawa mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyokausha, paka losheni nyepesi ya maji, iache ikauke, ndipo upake faundesheni. Mwenye kutumia dawa ya chunusi kama benzoili peroksidi au adapaleni ndiye anayeihitaji losheni zaidi, kwa sababu dawa hizo hukausha na faundesheni hukwama kwenye magamba. Adapaleni ni ya usiku, na mwenye mimba asiitumie kabla ya kuongea na daktari.

Jioni ndiyo nusu ya kazi. Faundesheni ya kudumu haitoki kwa kunawa mara moja. Itoe kwanza kwa maji maalumu ya kutolea mekapu, kisha sabuni. Vitambaa vya kufutia peke yake huisambaza tu.

Na sponji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, wa mwaka 2019 ulikagua vipodozi vilivyokuwa vikitumika ukakuta sponji ndizo zenye vijidudu vingi zaidi, na asilimia 93 hazikuwahi kuoshwa. Ioshe kila ukiitumia, uikamue, uianike pakavu penye hewa, si ndani ya mkoba. Wala usijaribu sampuli ya dukani usoni moja kwa moja; huwezi kujua vidole vingapi vimepita humo.

"Ya bei ghali ni bora"

Hapana. Kwenye maduka ya Kikuubo nimepata nzuri za bei ya chini, na kwenye maduka yenye viyoyozi nimekuta za ghali zilizojaa siagi ya kakao. Unacholipia mara nyingi ni chupa na wigo wa rangi. Angalia kama mfuniko haujafunguliwa, kama tarehe ipo, kama haikuanikwa juani barazani. Kale kamchoro ka kopo lililo wazi, kenye 12M, maana yake ni miezi kumi na miwili tangu uifungue.

"Ina kinga ya jua ndani, inatosha"

Ingetosha kama tungeipaka kwa wingi unaotumika kupimia kinga hiyo, na hakuna anayepaka faundesheni nene kiasi hicho. Tangulia na losheni ya kukinga jua. Watu weusi tunaambiwa hatuihitaji, ilhali jua ndilo linalofanya doa la chunusi likae miezi badala ya wiki. Faundesheni ina faida yake hapa: oksidi za chuma zinazoipa rangi huzuia mwanga unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa kwenye ngozi zetu na ambao losheni nyingi za jua zisizo na rangi haziuzuii.

Zikiwa chunusi ni mabonge yanayouma ndani kwa ndani, au zinaacha makovu yanayoinuka, usiningoje mimi wala mpambaji mwingine. Nenda kliniki ya ngozi, hospitali ya Mulago ipo, na usiende mikono mitupu. Tia kwenye mfuko kila unachopaka kuanzia kichwani hadi shingoni: pomadi, sabuni, krimu hata ile unayoona aibu kuitaja, na faundesheni, chupa zenyewe na maandishi yake. Mwanafunzi wangu alibeba vitu kumi na kimoja. Daktari alivipanga mezani, akasukuma saba pembeni, na faundesheni ilikuwa miongoni mwa vinne vilivyobaki.