Umesoma sera za jamii? Basi huanzi upya

Wiki hii nimeulizwa tena: "Nimesoma sera za jamii lakini nataka kazi ya uendelevu. Nirudi chuo nikasome mazingira?" Hapana. Usirudi. Hizi hapa dhana nne zinazowapotosha wengi.

Dhana: uendelevu ni kazi ya wahandisi na wanasayansi. Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Ripoti ya mwaka 1987 ya Tume ya Brundtland, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa, tunakochota hadi leo maana ya maendeleo endelevu (kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kukidhi yao), inataka mahitaji ya msingi ya maskini wa dunia yatangulizwe. Katika malengo 17 ya maendeleo endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, la kwanza ni kutokomeza umaskini. Nishati ni la saba, tabianchi la 13. Sasa hapo mgeni ni nani?

Tazama Ufaransa mwaka 2018. Serikali iliongeza kodi ya mafuta ya magari kwa hoja ya tabianchi. Waliobanwa zaidi ni wanaoishi mbali na miji, ambako basi halipiti na gari si anasa. Wakajaa barabarani na vizibao vyao vya njano, na kufikia Desemba nyongeza iliyokuwa ianze Januari ikafutwa. Kemia ya moshi haikuwa na kosa. Kilichopuuzwa ni swali mnalolizoea tangu muhula wa kwanza: mzigo huu unamwangukia nani, na ana pa kukimbilia? (Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza jinsi watu wanavyosimamia mali ya pamoja kama misitu na malisho, alikuwa mtu wa sayansi ya siasa. Huwa nawatajia wanaoniuliza, wananitazama tu.)

Dhana: tasnifu si uzoefu wa utafiti. Mhitimu mmoja aliniletea wasifu wenye mstari mmoja: "Nilifanya utafiti wa tasnifu." Nikambana kwa maswali. Kumbe aliomba kibali cha maadili, akawahoji wapangaji 14 kuhusu bili za umeme, na baada ya jaribio la awali akaliondoa swali la nne kwa kuwa lilikuwa likiwaaibisha watu. Yote hayo alikuwa ameyaficha! Mwajiri anataka kuona idadi, mbinu, na ulichorekebisha mambo yalipokwama.

Dhana: shauku inatosha. Kila mwombaji ana shauku. Ifute. "Nataka kuleta mabadiliko" si lengo la kazi. "Nataka kuchambua ruzuku za nishati zinawafikia kina nani" ni lengo. Jaribu kuliandika lako kwa sentensi moja isiyo na neno "uendelevu". Ukishindwa, bado hujajua unachotaka.

Dhana: uzamili kwanza, kazi baadaye. Kwa nafasi kadhaa za utafiti, kweli. Kwa nyingine, soma kwanza matangazo kumi ya kazi unazozitamani, uhesabu ni mangapi yanayoudai, ndipo ufikirie ada.