Bandama likivimba, usikimbilie rozela

"Mtoto bandama limevimba, damu imemwisha, nampa juisi ya rozela," aliniambia mama mmoja pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, akipima dagaa kwa sado. Kageuza mambo. Upungufu wa madini ya chuma peke yake kwa kawaida hauvimbishi bandama. Huku ziwani mara nyingi ni malaria au kichocho cha tumbo. Bandama huchuja chembe nyekundu zilizozeeka, za siku 120 hivi, na chuma chake hurudi kutengeneza damu mpya. Likivimba, hunasa hata chembe nzima, ndipo damu hupungua. Chuma kikikosekana, kinga nayo hulegea, kwani chembe nyeupe hushindwa kuongezeka vizuri. Wekundu wa rozela (naipenda, sikatai) ni rangi ya ua tu. Chuma kimo kwenye dagaa wa sado yake ile. Mtoto apimwe malaria, na choo pia.