Farasi wa kilomita 160: yanayosemwa kijiweni Mafinga na yaliyo kweli

Ubishi ulianzia kwenye chai ya tangawizi, baridi ya Mafinga ikiwa imetukunja wote. Kijana alituonyesha video ya farasi wakipanda mlima wa jangwani usiku, akasema wako kwenye mashindano ya kilomita 160 kwa siku moja. Mjomba akasema hapohapo: "Uongo. Farasi kilomita 160 kwa siku moja? Atafia njiani."

Kilomita 160 ni kama kutoka hapa hadi Iringa mjini na kurudi. Farasi aliyezoezwa anaimaliza ndani ya saa 24, na rekodi zipo tangu 1955, mpanda farasi Wendell Robie na wenzake wachache walipovuka milima ya Sierra Nevada hadi Auburn, California. Mashindano hayo leo yanaitwa Tevis Cup.

Lakini mjomba hakukosea kabisa. Mwaka 1892 maofisa wa jeshi walishindana kati ya Vienna na Berlin, karibu kilomita 580, na farasi wengi walikufa. Hata wa mshindi alikufa baada ya kufika. Anayeandika historia ya mchezo huu akiiruka hiyo, anaandika tangazo.

Maana kanuni za leo zinajibu aibu ya namna ile. Watu hudhani anayetangulia kufika ndiye mshindi, basi. Sivyo. Njiani kuna vituo ambako daktari wa mifugo humpokea farasi: anasikiliza moyo, anavuta ngozi ya bega aone inarudi upesi au inazubaa, anabonyeza fizi, kisha farasi anakimbizwa kidogo kutazamwa kama anachechemea. Mashindano mengi hayaruhusu mapigo ya moyo yazidi 64 kwa dakika kwenye ukaguzi huo. Mwenye farasi anayechechemea anarudi nyumbani, hata kama alikuwa anaongoza. Tevis pia wana zawadi ya Haggin Cup, ambayo kati ya kumi wa mwanzo humwendea farasi aliye katika hali bora. Mimi ningeanza na orodha hiyo kabla ya ile ya washindi.

"Basi ni mchezo wa Waarabu," akasema mwingine, kwa kuwa video ilikuwa ya jangwani. Nusu kweli. Farasi wanaotamba ni wa damu ya Kiarabu, na Falme za Kiarabu zimewekeza sana. Ila mashindano ya kisasa ya maili 100 kwa siku, ndizo hizo kilomita 160, yalianzia California, na ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Roma, 1986.

La mwisho liliwanyamazisha. Gordy Ainsleigh alikuwa mpanda farasi wa Tevis. Mwaka 1973 farasi wake alichechemea akaondolewa. Mwaka uliofuata akaja bila farasi, akaikimbia njia yote kwa miguu, saa 23 na dakika 42. Kutoka hapo zikazaliwa mbio za watu za maili 100 zinazoitwa Western States.

Mjomba akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo farasi alikuwa wa nini?"