Mota Imesimama. Je, Imefika?

Wengi wanaoanza kuandika programu za kuendesha vifaa vya kusogeza kwa usahihi mkubwa hutumia muda wao kwenye amri: sogea hapa, nenda pale. Hapo hapana ugumu. Ugumu uko kwenye jibu. Moduli, yaani sehemu ya programu inayoendesha mota, ikisema "nimefika" kabla ya wakati, kamera ya hadubini itapiga picha jukwaa linalosogezwa na mota lingali linatetemeka, na lawama zote zitaangukia lenzi.

Chukua mota ya hatua ya kawaida: hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Ukiifunga kwenye skrubu inayosogeza nati milimita 1 kila mzunguko, hatua moja ni mikroni 5. Kidhibiti kikigawa kila hatua mara 16, unapata mikroni 0.3125. Kwenye karatasi, lakini. Kuna msuguano, kuna plei ya nati (ulegevu kati yake na uzi wa skrubu), kuna joto. Chuma hurefuka takriban mikroni 12 kwa kila mita joto linapopanda nyuzi 1 ya Selsiasi, kwa hiyo skrubu ya milimita 100 huongezeka mikroni 1.2 hivi. Hizo ni karibu hatua ndogo nne, na hakuna aliyetoa amri yoyote.

Ndiyo maana moduli nzuri hutenganisha namba tatu: nafasi uliyoomba, nafasi ambayo kidhibiti kinadhani mota ipo kwa kuhesabu hatua, na nafasi ambayo enkoda, yaani sensa ya nafasi, inasoma. Ukizitia zote kwenye kigeu kimoja, siku zikitofautiana hutajua nani mkweli.

EPICS, mfumo huria wa programu za kudhibiti vifaa vya kisayansi ulioanzia kwenye maabara za Los Alamos na Argonne huko Marekani, umelishughulikia jambo hili vizuri. Rekodi yake ya mota ina VAL kwa nafasi iliyoombwa na RBV kwa nafasi iliyosomwa. Kisha kuna viashiria viwili ambavyo wageni huvichanganya: MOVN husema kama mota inasogea sasa hivi, na DMOV husema kama safari nzima imekwisha.

Tofauti hiyo huonekana pale plei inaporekebishwa. Tuseme jukwaa liko milimita 10.000, unataka 9.000, na umeweka BDST, umbali wa kurekebisha plei, kuwa 0.05. Mota itapita hadi 8.950, itasimama, kisha itapanda hadi 9.000, ili nati iegemee upande uleule wa uzi kila mara. Programu ikichungulia kwenye kile kituo cha katikati na kuuliza "unasogea?", itajibiwa hapana, nayo itapiga picha ikiwa imekosea mikroni 50. DMOV haidanganyiki hapo, kwa sababu husubiri mpaka marekebisho yaishe.

Mota za sevo, zinazojirekebisha kwa kufuata enkoda, zina tabu yao. Hufika, hupitiliza kidogo, hurudi. Usomaji mmoja wa enkoda ndani ya kiwango hauthibitishi kitu. Dai thamani ibaki ndani ya, tuseme, nusu mikroni kwa milisekunde 50 mfululizo. Ikitoka, saa inaanza upya. Mimi huweka namba hizo mbili kwenye faili la usanidi, kamwe si ndani ya msimbo, kwa kuwa ukibadilisha uzito ulio juu ya jukwaa, mtetemo nao unabadilika.

Kugonga swichi ya kikomo, ile ya mwisho wa njia, pia ni kusimama, lakini si kufika. Bloku za PLCopen, viwango vya programu za kudhibiti mashine viwandani, zimelitambua hilo: MC_MoveAbsolute, bloku ya kwenda nafasi fulani, hutoa Done, CommandAborted na Error kama matokeo tofauti. Moduli inayorudisha ndiyo au hapana tu imeficha habari unayoihitaji kuliko zote. Na amri ya kusimamisha isipange foleni nyuma ya amri nyingine. Ile ya dharura, inayolinda vidole vya watu, isipitie kwenye programu peke yake, ipewe waya wake.

Kupima ni rahisi. Weka sensa isiyohusiana na enkoda, fikia nafasi ileile mara nyingi, ukibadilisha upande unaotokea. Vipimo vikijigawa makundi mawili, ongeza BDST. Vikisogea polepole kuelekea upande mmoja, shuku joto. Vikitawanyika ovyo, ongeza kwanza muda wa kutulia, halafu ndipo ushike spana.