Kuvuja kwa siri za udukuzi ni nini?

Ni pale nyaraka zinazoonyesha jinsi serikali inavyonasa simu na barua pepe zinapotoka mikononi mwa wanaozitunza na kuwafikia waandishi wa habari bila ruhusa. Tukio linalotajwa zaidi ni la mwaka 2013: Edward Snowden, aliyefanya kazi kwa mkataba katika NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, alikutana na waandishi Hong Kong, na Juni habari zikaanza kutoka.

Kwamba mataifa hupelelezana si habari mpya kwa mwanadiplomasia yeyote. Ila uvumi unaweza kupuuzwa. Waraka uliochapishwa gazetini hauachi nafasi hiyo, maana wapiga kura nao wameusoma. Rais Dilma Rousseff wa Brazil aliposikia kwamba mawasiliano yake yalinaswa, aliahirisha ziara yake rasmi ya Washington. Oktoba Angela Merkel, Kansela wa Ujerumani, akampigia Obama kuhusu madai kwamba simu yake mwenyewe ya mkononi ilinaswa. Jibu la Ikulu ya Marekani linafaa kusomwa taratibu: hatunasi simu ya Kansela, na hatutainasa. Sasa na baadaye vimo, yaliyopita hayamo. Wajerumani hawakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Kenya nayo ilitajwa. Nyaraka zilizochapishwa 2014 zilionyesha kwamba NSA ilikusanya kumbukumbu za simu za nchini humo: nani kampigia nani, saa ngapi, wakazungumza kwa muda gani. Maneno yenyewe hayakuhitajika. Anayejua unampigia nani kila usiku anakujua vya kutosha.

Je, imani ilivunjika? Kati ya serikali, kwa maoni yangu, ilitikisika tu. Mashirika ya ujasusi yaliendelea kupeana taarifa, na mwaka 2015 ikaripotiwa kwamba hata majasusi wa Ujerumani walikuwa wamewapeleleza marafiki zao wa Ulaya. Hasira ya wanasiasa ilikuwa na kiasi chake.

Pigo la kudumu lilitoka mahakamani. Max Schrems, raia wa Austria, alihoji iweje taarifa zake za Facebook zipelekwe Marekani baada ya yale aliyoyafichua Snowden. Oktoba 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikafuta makubaliano ya Ulaya na Marekani yaliyotumiwa na maelfu ya kampuni kusafirishia taarifa hizo. Yakaandikwa mengine. Julai 2020 nayo yakafutwa, sababu ikiwa ni ileile ya udukuzi.