Mtoto haongei mpaka sasa: maswali tunayoulizwa sana kliniki

Swali: Mwanangu ana miaka 3 na nusu hasemi kitu, bibi yake anasema hata baba yake alichelewa. Nisubiri?
Jibu: Hapana, usisubiri. Tunaletewa watoto wa miaka 5 ambao mwalimu wa awali ndo kawarudisha nyumbani, ukimuuliza mama ameanza kuona lini anakwambia tangu ana mwaka na nusu, sasa muda wote huo mlikuwa mnasubiri nini jamani?

Swali: Dalili zipi za kumleta?
Jibu: Mwaka 1 habwabwaji wala haonyeshi kitu kwa mkono, mwaka 1 na nusu hatembei, miaka 2 haungi maneno mawili kama "mama njoo". Aliyekuwa anaongea akaacha, huyo mlete wiki hii hii.

Swali: Masikio ni mazima, mlango ukibamizwa anageuka.
Jibu: Hapo ndo wengi wanaponasa. Kishindo cha mlango anaweza kukisikia vizuri tu halafu sauti za s, f na sh zisimfikie kabisa, kwahiyo kipimo cha masikio kinaanza kabla mtu hajakutajia usonji (autism, tatizo la ukuaji linalogusa mawasiliano). Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, wanapandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio tangu 2017, ila kwa aliyezaliwa hasikii, akishapita miaka 5 faida inapungua sana. Ndo maana nasema usisubiri!

Swali: Jirani kasema akatwe udata, kile kinyama kinachoshika ulimi kwa chini.
Jibu: Usithubutu. Udata hauzuii mtoto kuanza kuongea, na wembe wa mtaani utamletea kutoka damu na maambukizi.

Swali: Atapewa dawa gani?
Jibu: Dawa ya kuongea hakuna, kuna mazoezi, na mengi utafanya wewe nyumbani. Chuchumaa muangaliane, shika ndizi na chungwa, muulize "ndizi au chungwa?" halafu nyamaza, mpe muda, akinyoosha mkono tu mpe huku unasema "ndizi". Sio kumfokea "sema! sema!" na sio kumwachia simu kutwa nzima.

Swali: Chekechea aende?
Jibu: Aende, akae mbele, na mwalimu umwambie ukweli. Kumficha ndani kwa kuogopa majirani kunamchelewesha zaidi.

Swali: Basi nimlete akifikisha miaka 4?
Jibu: Si nimeshasema hapana? Mlete kesho, na kadi yake ya kliniki, na dada anayeshinda naye aje pia maana ndo anayemjua.